Walimpima Samaki, Mshahara Hawakuuliza

Hotuba hii niliitoa Mwanza mbele ya wawakilishi wa wafanyakazi wa viwanda vya samaki, wavuvi na wachuuzi wa mialoni, yaani kwenye fukwe za kushushia samaki. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Wapo humu waliotoka Ukerewe tangu usiku, na wapo akina mama waliotoka zamu alfajiri wakaja hapa kabla ya kulala. Kwa heshima yao sitazunguka.

Mwaka 2002 niliingia kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha minofu hapa mjini. Mkataba sikuwa nao. Tulikuwa tunajipanga getini saa kumi na moja alfajiri, msimamizi anatazama magari mangapi ya sangara yameingia, anahesabu watu kulingana na mzigo, waliobaki wanarudi nyumbani na nauli imeshaliwa. Ukiingia ndani ni mabuti, aproni, kofia ya kufunika nywele, kisu, na baridi inayopanda miguuni mpaka kwenye magoti.

Siku moja wakaja wakaguzi kutoka Ulaya. Tulijua wiki nzima kabla, maana mabuti mapya yaligawiwa na sabuni ikajaa kwenye sinki zote. Mkaguzi alifika kwenye meza yetu, akaniomba nifungue viganja. Akapitisha kijiti chenye pamba kwenye vidole vyangu, akakitia kwenye kichupa, akaandika namba. Akapima joto la chumba. Akapima klorini kwenye maji. Dada aliyesimama karibu nami alikuwa amejikata kidole gumba. Mkaguzi alikiona kidonda, akasema yule dada aondolewe kwenye meza, kidonda kinaweza kuchafua minofu. Akaondolewa. Na siku ile hakulipwa, kwa sababu kibarua aliyetoka kabla ya zamu kwisha alihesabiwa hakuja.

Mzee mmoja wetu, Mungu amrehemu, alimwomba mkalimani amuulize mgeni: na habari za malipo yetu mtaandika wapi? Mkaguzi alisikiliza vizuri, akatazama makaratasi yake, akajibu kwamba hilo halimo kwenye fomu yake. Hakujibu kwa dharau. Alikuwa anasema kweli tupu.

Nimeishi na jibu lile zaidi ya miaka ishirini. Leo nataka niwaeleze kwa nini halikuwemo kwenye fomu, ni nani aliyeamua lisiwemo, na kwa nini sasa fomu zinaanza kubadilika. Zinabadilika, ndugu zangu. Swali ni zinabadilika kwa faida ya nani.

Turudi nyuma kidogo. Wazee mnakumbuka mwisho wa 1997. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Afrika Mashariki, na Jumuiya ya Ulaya ikafunga mlango kwa samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kuzuia chakula kutoka nchi yenye kipindupindu si njia inayofaa. Tanzania ikalalamika Geneva, mbele ya kamati ya Shirika la Biashara Duniani, WTO, inayoshughulikia mkataba wa usalama wa chakula na afya ya wanyama na mimea. Mkataba huo unaitaka nchi inayozuia chakula cha mwenzake iwe na ushahidi wa kisayansi. Katikati ya 1998 mlango ukafunguliwa. Hata mwaka haukupita, 1999 ukafungwa tena, safari hii kwa habari kwamba kuna watu wanavua kwa kumwaga sumu ziwani.

Hapa niwe mkweli mbele ya wavuvi. Sumu ilikuwepo. Si ya wote, wala si ya wengi, lakini ilikuwepo, na watoto wetu ndio waliokuwa wa kwanza kula samaki wale. Kwa hiyo katika lile la 1999 mimi sisemi Ulaya ilituonea. Nasema tazameni nini kilifuata. Maabara zilipata vifaa. Mialo ikawekewa sakafu na barafu. Vikundi vya kusimamia rasilimali za uvuvi vikaundwa kila mwalo. Viwanda vikapigwa vigae vyeupe kuanzia chini hadi juu. Yote hayo yalifanyika haraka, na yalifanyika kwa sababu soko lilidai. Kumbe soko linaweza kudai, na likidai serikali inasikia na mwenye kiwanda anasikia. Basi kwa nini lilidai vigae lisidai mkataba wa kibarua?

Jibu limeandikwa tangu 1947. Mwaka huo nchi 23 zilikubaliana Mkataba Mkuu wa Ushuru na Biashara, maarufu kama GATT, na mkataba ule ndio mzazi wa WTO iliyoanza kazi 1 Januari 1995, Tanzania ikiwemo tangu siku hiyo ya kwanza. Msingi wake ni kwamba bidhaa mbili zinazofanana zitendewe sawa. Samaki ni samaki. Shati ni shati. Nchi haina ruhusa ya kulikubali shati moja na kulikataa jingine kwa sababu tu limetoka kwa jirani usiyempenda. Kwa nchi ndogo hiyo ni ngao, na nawaomba msiidharau.

Lakini kifungu cha 20 cha mkataba huo kimeorodhesha mambo ambayo kwa ajili yake nchi inaruhusiwa kuzuia bidhaa. Kulinda maadili ya umma kumo. Kulinda uhai na afya ya watu, wanyama na mimea kumo. Kuhifadhi maliasili zinazoweza kuisha kumo. Kuhusu kazi limo jambo moja tu lililotajwa kwa jina: bidhaa zilizotengenezwa na wafungwa. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Mfungwa anatajwa. Mtoto anayepondaponda mawe hatajwi. Mama anayesimama saa 12 kwenye maji ya barafu hatajwi. Na mfungwa mwenyewe hakutajwa kwa kuonewa huruma. Wenye viwanda waliogopa kushindana na kazi isiyolipiwa.

Kwenye mazingira njia ilifunguka kidogo, na kilichoifungua ni samaki, kwa hiyo nitakaa hapo.

Marekani ilikataa jodari wa Mexico kwa sababu nyavu zao zilikuwa zinaua pomboo. Mexico ikashitaki, na mwaka 1991 jopo la GATT likasema: jodari ni jodari, namna alivyovuliwa haimbadilishi. Ripoti ile haikupitishwa rasmi, lakini fikra yake ilikaa vichwani mwa watu miaka mingi. Kisha ikaja kesi ya kamba wa baharini na kasa. Marekani ilitaka kila meli inayovua kamba kwa nyavu za kukokota iweke kifaa kinachomwachia kasa atoke. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zikashitaki. Oktoba 1998 Chombo cha Rufaa cha WTO kikatoa hukumu ambayo kila mvuvi angepaswa kuijua. Kilisema ndiyo, nchi inaweza kulinda kasa kwa sheria ya biashara, hata nje ya maji yake, mradi kasa hao ni wa kuhamahama na hupita pia kwenye maji yake. Lakini Marekani ilishindwa kesi ile. Nchi za Karibi ilikuwa imezipa miaka mitatu ya kujiandaa, pamoja na msaada wa utaalamu. Wale wa Asia iliwapa miezi minne, bila kukaa nao mezani kwa dhati. Marekani ikarekebisha utekelezaji wake, na mwaka 2001 ikakubaliwa.

Shikeni hilo la miaka mitatu na miezi minne, tutalirudia.

Kwa upande wa kazi mlango ulifungwa kwa makusudi, na waliosaidia kuufunga ni sisi wenyewe. Desemba 1996, kwenye mkutano wa kwanza wa mawaziri wa WTO huko Singapore, baadhi ya nchi tajiri zilitaka haki za wafanyakazi ziingizwe kwenye sheria za shirika. Nchi nyingi zinazoendelea zilikataa. Tamko lililotoka likasema viwango vya msingi vya kazi tunaviheshimu, chombo chake ni Shirika la Kazi Duniani, ILO, na visitumike kama kisingizio cha kulinda viwanda vya nchi tajiri. Mimi siwalaumu mawaziri wetu kwa woga ule, maana ulikuwa na sababu. Anayekwambia leo kwamba hanunui shati lako kwa kuwa anamwonea huruma fundi wako, kesho unakuta ana kiwanda cha mashati. Ila matokeo yake tuyaseme. ILO ilipewa jukumu bila fimbo. WTO ilibaki na fimbo bila jukumu. Na sisi tukabaki na vigae vyeupe.

Sasa fimbo inatafutiwa njia ya pembeni, katika mikataba ya nchi mbili tatu na katika misamaha ya ushuru. Nitawapa kesi mbili zilizotoka upande mmoja wa dunia. Ukiziweka pamoja unaelewa yote.

Ya kwanza ni Guatemala. Nchi hiyo ilikuwa na mkataba wa biashara na Marekani wenye sura nzima ya kazi. Aprili 2008 vyama sita vya wafanyakazi vya Guatemala, pamoja na shirikisho kubwa la vyama vya Marekani, AFL-CIO, vilipeleka malalamiko: watu wanafukuzwa kwa kuanzisha vyama, mahakama inaamuru warudishwe, waajiri hawawarudishi, serikali inatazama tu. Hukumu ilitoka Juni 2017. Miaka tisa. Na Guatemala ikashinda. Jopo lilikubali kwamba katika kesi kadhaa sheria haikusimamiwa. Lakini mkataba uliandikwa kwamba kosa ni lazima liwe la kujirudia na liwe limetokea kwa namna iliyoathiri biashara kati ya nchi hizo, na hayo hayakuthibitishwa. Yaani mtu kufukuzwa kwa kujiunga na chama, peke yake, halikuwa jambo la mkataba. Lingekuwa jambo kama bei ya shati ingetikisika.

Ya pili ni Mexico. Mkataba mpya wa Marekani, Mexico na Canada ulianza Julai 2020, na ndani yake kuna utaratibu wa haraka unaoshughulikia kiwanda kimoja kimoja badala ya nchi nzima. Mwaka 2021 wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha General Motors pale Silao walikuwa wanapigia kura mkataba uliofungwa na chama kikongwe wasichokitaka, na kura zikakutwa zimeharibiwa. Mei mwaka huohuo utaratibu ukaanzishwa. Agosti kura ikarudiwa chini ya uangalizi, wafanyakazi wakaukataa ule mkataba. Februari 2022 wakachagua chama chao wenyewe, na Mei wakapata nyongeza ya asilimia 8.5. Mwaka mmoja! Kasoro ipo, na ni kubwa: utaratibu ule unakamata viwanda vya Mexico kwa urahisi, vya Marekani karibu haviguswi. Hata hivyo ona tofauti yake na Guatemala. Kule aliyetakiwa kuthibitisha ni yule aliyelalamika, na cha kuthibitisha kilikuwa biashara. Huku swali lilikuwa moja: je, watu wa kiwanda hiki wamenyimwa haki ya kujichagulia chama?

Kuna wanaosema dawa ni kuifutia nchi msamaha wa ushuru. Nasi tumo kwenye msamaha wa namna hiyo. Tangu 2001 Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi maskini zaidi, inauza Ulaya bila ushuru karibu kila kitu isipokuwa silaha. Msamaha huo unaweza kuondolewa nchi ikivunja vibaya haki za watu na za wafanyakazi. Agosti 2020 Ulaya iliiondolea Cambodia sehemu, takriban moja ya tano ya mauzo yake huko, zikiwemo baadhi ya nguo. Serikali ndiyo iliyokuwa imekosa. Lakini fundi wa cherehani wa Phnom Penh, katikati ya ugonjwa wa Korona, ndiye aliyekuwa anaamka kila siku akihofia oda zitahamia nchi nyingine. Ninaposikia mtu amekaa mahali salama akitaka nchi nzima ifungiwe, namuuliza kama amemuuliza mwenye cherehani. Wakati mwingine amemuuliza, na mwenye cherehani mwenyewe amesema fungeni, potelea mbali. Hapo nanyamaza. Ila lazima aulizwe.

Nije kwenye mazingira, maana humu najua kuna watu wa Kagera waliofuata samaki lakini wana kahawa nyumbani.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao, mbao, ng'ombe na mazao mengine kadhaa hayataingia kwao kama yametoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Kila shamba lijulikane lilipo kwa kipimo cha setilaiti. Sheria imeahirishwa mara mbili, lakini haijafutwa. Nia yake siwezi kuipinga. Bibi yangu aliziona chemchemi zikikauka baada ya misitu kwisha, sihitaji kufundishwa na Brussels.

Tatizo ni kibanja. Kibanja cha Karagwe kina migomba, maharage, mikahawa, na makaburi ya wazee. Kiligawanywa na babu kwa wana watano, na wana wakawagawia wana. Kahawa ya wakulima mia inakusanywa kwenye ghala moja la chama cha msingi na kuchanganywa. Sheria inasema shamba lililo chini ya hekta 4 linatosha nukta moja ya ramani, na kwa karatasi ni jambo jepesi. Lakini nani atakwenda kibanja kwa kibanja na simu yenye chaji kuchukua nukta hiyo? Nani atamlipa? Takwimu zile zikishachukuliwa ni mali ya nani, ya mkulima au ya mnunuzi? Kwa mkulima aliyepanda mikahawa ile kabla ya Uhuru, gharama yote hii inakatwa wapi kama si kwenye bei ya kilo?

Humo humo ndani ya sheria hiyo kuna jambo jema ambalo halisemwi sana. Kahawa inatakiwa iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka, na sheria za kazi zimetajwa. Mkono wa mchumaji umeingia kwenye fomu, angalau kwa mstari mmoja. Lakini atakayejaza mstari huo ni muuzaji na mnunuzi. Mchumaji mwenyewe hana mahali pa kutia sahihi.

Ndiyo sababu niliwaambia mshike ile miaka mitatu na miezi minne. Kesi ya kasa ilitupa haki ya kudai muda, utaalamu na kukaa mezani, na kudai wote watendewe sawa. Hiyo si sadaka tunayoomba. Ni hukumu iliyoandikwa. Watu wetu wanaokwenda Geneva na Brussels waende nayo mkononi.

Na sisi wa ziwani tunajua mzigo wa mazingira unavyopenda kuteremka hadi kwa wa chini. Mwaka 2018, kwenye Operesheni Sangara, nyavu haramu na makokoro yalichomwa moto mialoni. Uvuvi haramu mimi siutetei, sangara wachanga wanakwisha na bila wao hakuna kiwanda wala kibarua. Lakini nyavu ile mvuvi alikuwa ameikopa kwa wakala, na wakala alikuwa ananunua hata wale wadogo. Moto uliunguza nyavu, deni likabaki zima.

Niseme na la nyumbani kwetu Afrika. Mkataba wa Eneo Huru la Biashara la Afrika ulisainiwa Kigali 21 Machi 2018, na Bunge letu likauridhia 2021. Hauna sura ya kazi inayosimama yenyewe. Itifaki ya uwekezaji iliyokuja baadaye inataja kazi na mazingira, lakini biashara yenyewe ya bidhaa, shati la Addis kuja Kariakoo au minofu ya Mwanza kwenda Kinshasa, inakwenda bila kuulizwa habari za aliyeitengeneza. Hapa hatuna pa kusingizia ubeberu. Kama tunaona uchungu Mzungu kutotuuliza mshahara, na sisi tuulizane. Wabunge wa kanda hii wapo, simu zao mnazo. Wapigieni. Waambieni sura hiyo iandikwe, na isiandikwe kama ya Guatemala.

Lakini hata sura nzuri haisemi yenyewe. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, na muda wa ziada ulipwe mara moja na nusu. Mkataba wa ILO wa uhuru wa kujiunga na vyama Tanzania iliuridhia mwaka 2000. Tukienda kulalamika, iwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Mwanza, iwe kwa mnunuzi wa Ulaya ambaye sheria za kwao sasa zinaanza kumuuliza, swali la kwanza litakuwa moja: ushahidi uko wapi? Tarehe ngapi? Saa ngapi aliingia, saa ngapi alitoka, alilipwa nini, aliyekatwa kidole alipelekwa hospitali na nani?

Yule mzee wetu aliuliza habari zile zitaandikwa wapi. Tumetengeneza daftari. Kila kiwanda kimoja, kila mwalo mmoja. Kurasa zake zina safu ya tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, malipo, jeraha, na jina la shahidi kwa atakayekubali. Jina la mwenye jeraha tutalifunika kwa namba, na namba zitatunzwa na watu wawili mtakaowachagua leo kabla ya chakula. Madaftari yako mezani pale karibu na mlango, kalamu zimefungwa kwa uzi. Tuanze na zamu ya jana usiku, maana waliotoka nayo wako humu na bado wanakumbuka.